Suratun Nisaa ina aya 176, mbona sisi tunasomewa moja?

Mhariri,

Assalaam aleikum, na kwa wasomaji ambao si Waislamu, hamjambo. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti, hii ndio barua yangu ya kwanza, lakini kuna ndugu yetu wa Nakuru mlichapisha barua yake juzi, akasema hawa wanawake wanaofasiri Qurani upya ni mradi wa Wazungu na wafadhili, na ati mwanamke Mwislamu wa Kenya hana shida yoyote na mafundisho anayopata. Hapo kwa "hana shida yoyote" ndio nilisimama. Ndugu yangu, ulimuuliza nani? Mimi ni mwanamke, ni Mwislamu, nimeishi Kaloleni hapa Kisumu tangu nizaliwe, nina watoto watatu, ni mjane, na sijaona mtu akipiga hodi kwangu kuniuliza.

Wacha nieleze venye darsa yetu huwa. Msikiti sitautaja maana sitaki ugomvi, na ukweli ni kwamba ingekuwa ni huo mmoja tu nisingeandika. Kila Alhamisi baada ya Alasiri wanaume wanakaa mbele na ustadh, sisi wanawake tuko nyuma ya pazia la kijani. Spika yetu ni moja, imewekwa juu ya kabati la misahafu, na tangu Ramadhani ya mwaka juzi inakoroma kama mtu mwenye pumu, ustadh akisema maneno matatu sisi tunapata moja. Ukiwa na swali huwezi kupaza sauti, kwa hivyo unaandika kwa kikaratasi, unampa mtoto wa kiume mdogo apite nacho chini ya pazia, halafu unangoja.

Siku hiyo somo lilikuwa Suratun Nisaa, yaani sura ya Wanawake, aya ya 34. Hiyo mnaijua, kuna watu hawajui hata Tahiyatu vizuri lakini hiyo wanaijua. Wanaume ni wasimamizi wa wanawake, na mke ambaye mnaogopa nushuzi yake, yaani ukaidi wake, muonyeni, halafu mhameni kitandani, halafu lile neno la tatu. Saa nzima tuko hapo. Nikaandika kwa kikaratasi: "Ustadh, aya ya 34 inataja nushuzi ya mke. Aya ya 128 ya sura hiyohiyo inataja nushuzi ya mume. Mbona hiyo hatujawahi kusomewa?" Mtoto akaenda. Nikachungulia kwa ule upenyo wa pazia, nikaona ustadh amekifungua, amekisoma, midomo ikicheza kabisa, halafu akasema kwa maiki, "Huu mwandiko siuoni vizuri, miwani nimeacha nyumbani." Akakikunja mara mbili akakitia kwa mfuko wa kanzu. Na dakika mbili kabla ya hapo alikuwa anasoma yale maelezo ya chini ya ukurasa, yenye herufi kama sisimizi, bila kukwama popote.

Nilirudi nyumbani nikachukua tafsiri ya marehemu mama. Ni ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka 1969. Mama alikuwa anauza samosa na alikuwa anaisoma jikoni akingojea mafuta yapate moto, kwa hivyo kurasa za Nisaa zina madoa ya mafuta mpaka unaona herufi za upande wa pili. Mama alizaliwa Mumias, akahifadhi Juzuu Amma yote, ile juzuu ya mwisho ya Qurani, kabla hajafika miaka kumi, lakini aliniambia alianza kujua anasema nini akiwa tayari na watoto wanne, siku baba alipomletea hiyo tafsiri. Akasema kabla ya hapo alikuwa kama redio, inaongea siku nzima na haijui imeongea nini.

Sasa nikakaa na hiyo sura usiku, aya zote 176. Na nataka ndugu wa Nakuru anifuate polepole.

Aya ya 4 inasema wapeni wanawake mahari yao. Wapeni wanawake, si baba zao, si wajomba. Mimi nilipoolewa ng'ombe watano walienda kwa baba mdogo kwa sababu baba alishafariki, mbuzi wawili wakaliwa siku hiyohiyo, na mimi nikapata msahafu na bahasha ya shilingi elfu mbili, na hata hiyo bahasha ilipitia mikono mitatu kabla inifikie. Na walikuwepo masheikh wawili hapo kwa mkeka. Hakuna aliyeuliza bibi arusi amepewa nini mkononi. Huku kwetu magharibi, ukienda kwa Waislamu wa Kiluhya ama wa Kijaluo, mahari bado ni ya ukoo, sisi tunabadilisha jina tu tunasema mahari badala ya kusema ng'ombe. Kuna kile kisa cha Sayyidna Umar, khalifa wa pili, kutaka kuweka kikomo cha mahari, mwanamke mmoja akasimama akamsomea aya ya 20 ya sura hii hii, Umar akasema mwanamke amepatia na Umar amekosea. Najua wanazuoni wa hadithi wanabishana kuhusu sanadi yake, yaani mlolongo wa waliokisimulia, msiniandikie kunisahihisha. Lakini hicho kisa masheikh wetu wanakipenda sana, wanakisimulia kila harusi kuonyesha Umar alikuwa mnyenyekevu. Yule mwanamke aliyesimama wanampita kama nguzo.

Aya ya 19. Hapa mniwie radhi nitakaa kidogo.

Mume wangu alifariki nikiwa na mtoto wa mwisho wa miezi minane. Alikuwa Mjaluo, Mwislamu wa kuzaliwa, babu yake ndiye alisilimu. Tulimzika kijijini kwao, hitima ikasomwa, na kabla hata eda yangu ya miezi minne na siku kumi haijaisha wazee wakaja kukaa kitako. Ajenda ilikuwa moja, nani ananirithi. Sio nani anarithi mali, nani ananirithi MIMI. Shemeji wa pili ndiye alikuwa amepangwa, mtu ana wake wawili tayari na pikipiki ya mkopo. Na yule ustadh aliyekuja kutusomea hitima alikuwepo, kikombe cha chai mkononi, nikamwangalia nikingoja aseme kitu. Akasema mila nzuri haigongani na dini. Akaongeza sukari.

Nilikuwa nimebeba tafsiri ya mama, nilikuwa nasoma usiku maana usingizi haukuja. Nikaifungua mbele yao nikawasomea: enyi mlioamini, si halali kwenu kuwarithi wanawake kwa nguvu. Imeandikwa hivyo, kurithi wanawake. Na ukienda kwa Bukhari, kile kitabu cha hadithi, Ibn Abbas, sahaba na binamu ya Mtume, anaeleza ilishuka kwa sababu gani, kwamba zamani mtu akifa jamaa zake ndio walikuwa na haki juu ya mkewe, wakitaka mmoja wao amuoe, wakitaka wamuoze, wakitaka wamzuie asiolewe, wao walimmiliki kuliko hata watu wa kwao. Mimi niliposoma hiyo mara ya kwanza nilidhani Ibn Abbas alipitia kwetu.

Shemeji mkubwa akasema, "Hiyo ni ya Waarabu."

Mhariri, hiyo sentensi ndiyo barua yangu yote, hayo mengine ni kuizunguka tu. Aya ya 34 ni ya dunia nzima mpaka siku ya Kiyama, aya ya 19 ni ya Waarabu. Mwanaume anachagua gani imeshuka kwake na gani imeshuka kwa Waarabu, na hakuna anayemwita feministi ama anayemuuliza pesa ya wafadhili iko wapi.

Tuliendelea mpaka kwa Kadhi. Kwa Katiba ya 2010, ibara ya 170, korti ya Kadhi inasikiliza mambo ya ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu, pande zote zikiwa ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Mashemeji walikubali haraka sana, walidhani Kadhi atakuwa wao kwa sababu ana ndevu. Kadhi akafungua aya ya 12, mke akiwa ameachiwa watoto anapata thumuni, moja kwa nane, baada ya deni na wasia, na kilichobaki kwa watoto wangu, mvulana mafungu mawili msichana fungu moja. Shamba lilikuwa eka mbili, thumuni yangu ikatoka robo eka. Robo eka si kitu, najua, ukisimama upande huu unaweza kuongea na mtu wa upande ule bila kupaza sauti. Lakini iko na mihogo yangu na sukuma yangu na hakuna mtu alinirithi nayo.

Na hapa niseme kitu ambacho labda kitawaudhi hata wale dada zangu wa mjini. Watu wanabishana kuhusu mwanamke kupata nusu, ni haki ama si haki, na kuna wanazuoni, hata wanaume, wanasema ile nusu ilifungamana na mwanaume kubeba gharama zote za nyumba, sasa kama leo mwanamke ndiye analipa karo na kodi na unga, hesabu iangaliwe tena. Ni mjadala mzuri na mimi nausikiliza. Lakini huku kwetu binti hapati hiyo nusu yenyewe. Anapata sufuri. Ndugu zake wanagawana shamba lote halafu Ijumaa wanakaa safu ya mbele. Aya ya 7 inasema wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo ama kingi, fungu lililofaradhiwa. Neno ni faradhi, kama swala. Mimi ningefurahi sana kama tungeanza na hiyo nusu, halafu tubishane tukiwa tumeshiba.

Sasa turudi kwa 34, maana ndugu wa Nakuru atasema nimeikwepa. Siikwepi. Neno la kwanza ni qawwamun. Wafasiri wetu wa Kiswahili kuna waliosema wasimamizi, kuna waliosema walinzi, na hayo maneno mawili si kitu kimoja, msimamizi wa shamba na mlinzi wa shamba hawalipwi sawa wala hawana kiburi sawa. Aya yenyewe inataja sababu, na moja ni kwa mali wanazotoa. Mimi mwanaume niliyekuwa naye alitoa, Mungu amrehemu. Lakini hapa Kaloleni naweza kukuhesabia nyumba ambazo mama ndiye anaamka saa kumi usiku kwenda kununua samaki auze, baba yuko kibaraza, na jioni baba ndiye qawwam.

Halafu lile neno la tatu, la kupiga, kwa Kiarabu ni daraba. Hili limeandikiwa vitabu. Kuna mama Mmarekani, Laleh Bakhtiar, alitoa tafsiri yake ya Kiingereza 2007 akaliweka kwamba ni kumwacha, kwenda zako, si kumpiga, na kelele ilikuwa kubwa. Hoja yake si ya kuchekwa. Kwa Qurani neno hilohilo linatumika kwa safari, linatumika kwa mfano, Mwenyezi Mungu "amepiga mfano", na sisi Waswahili hiyo tunaielewa haraka kuliko Mwingereza kwa sababu kwetu pia mtu anapiga simu, anapiga pasi, anapiga hodi, anapiga mswaki na hakuna anayelia. Lakini sitaki kudanganya, mimi nikisoma hiyo aya, na wanazuoni wengi wa zamani walivyoielewa, ni kupiga kwa kawaida. Hapo sikubaliani na dada Bakhtiar. Kitu ninachotaka watu wajue ni wale wa zamani walisema nini baada ya kusema ni kupiga. Ibn Abbas aliulizwa kipigo gani, akasema kwa mswaki na mfano wake. Mswaki, kile kijiti! Ata bin Abi Rabah, mtu mweusi, aliyekuwa mufti wa Makka katika kizazi kilichofuata Masahaba, yeye akasema mume hampigi mke, anamkasirikia tu. Ibn al-Arabi wa Andalusia, wa madhehebu ya Maliki, akaipokea hiyo kauli ya Ata akaisifu kwamba ni kuelewa sharia kwa undani. Na Bibi Aisha, mke wa Mtume, amesema, iko kwa Sahihi Muslim, kitabu kingine cha hadithi, kwamba Mtume hakuwahi kumpiga mwanamke kwa mkono wake, wala mtumishi. Hakuna Mzungu hapo hata mmoja. Niambieni ni ustadh gani wa Kisumu ama Nakuru ama Eldoret amewahi kumtaja Ata kwa maiki. Mimi nilimsikia kwa klipu ya watsapu niliyotumiwa na mpwa wangu.

Kuhusu hao wanawake wenyewe, ndugu anasema ni Wazungu. Amina Wadud ni Mmarekani mweusi, baba yake alikuwa mhubiri wa Methodisti, alisilimu 1972, na kitabu chake kuhusu Qurani na mwanamke kilitoka Malaysia 1992. Asma Barlas ametoka Pakistani. Fatima Mernissi, aliyefariki 2015, alikuwa wa Moroko, na ndiye alifuatilia ile hadithi ya taifa halitafanikiwa likiongozwa na mwanamke, ile ambayo kila uchaguzi inatolewa kabatini, akauliza msimulizi wake aliikumbuka lini na kwa nini aliikumbuka siku hiyo. Ile harakati inaitwa Musawah ilizinduliwa Kuala Lumpur 2009, na hilo jina ukilisikia vizuri ni ndugu wa neno letu usawa, hatukuhitaji kutafsiriwa.

Na njia ya Wadud, ukiondoa hilo jina la feministi ambalo linawafanya watu wapandishe mori, ni kwamba huchukui aya moja peke yake ukaikimbiza, unaisoma pamoja na sura nzima na Qurani nzima. Sasa hiyo si ndiyo masheikh wenyewe hutwambia, Qurani inafasiriwa kwanza kwa Qurani? Ibn Kathir, yule mfasiri mkubwa wa zamani, si ndivyo anasema? Akisema yeye ni elimu, akisema mama ni mradi.

Mimi si kila kitu cha Wadud nakubali. Ile siku ya tarehe 18 Machi 2005 aliposwalisha Ijumaa New York, wanaume na wanawake pamoja, tena ndani ya jengo la kanisa kwa sababu misikiti ilikataa, mimi sikufurahi, na hata leo akija Kisumu kuswalisha mimi sitaswali nyuma yake. Labda ni mazoea yangu, labda ni woga, sijui. Lakini kutoka hapo mpaka kumwita kafiri ni safari ndefu sana na kuna watu wameifika wakiwa wamekaa kitandani na simu. Mtu anaweza kukosea swala moja akapatia aya kumi.

Tena kuna mambo mengine sisi tumefundishwa madrasa na hata hayamo kwa Qurani. Nimefundisha watoto wadogo miaka sita na nilikuwa nawaambia Hawa alimdanganya Adamu akala tunda. Siku moja msichana wa miaka tisa akaniuliza, "Mwalimu ni aya gani?" Nikatafuta. Hakuna. Kwa Suratul Aaraf shetani aliwatia wasiwasi wote wawili, na wakatubu wote wawili, na kwa Suratu Taha aliyetajwa kwamba alimuasi Mola wake ni Adamu. Ile hadithi tumeokota kwa majirani, maana huku kila mmoja wetu ana shangazi wa kanisa, Waadiventista Kendu Bay, Waanglikana Maseno, tunakula Krismasi pamoja na tunaazimana hadithi kama tunavyoazimana sufuria. Si vibaya kuazima, lakini usije kunihukumu nayo ukiniambia ni Qurani. Na wenzetu wanaosoma kwa Kiingereza wana kazi ya ziada, kila wakimtaja Mungu lazima lugha iwaulize ni wa kiume ama wa kike. Kiswahili kinasema Yeye tu.

Nimesikia pia ile hoja kwamba elimu ya dini haijawahi kuwa ya wanawake. Huyu msemaji ajue anatembea juu ya wanawake kila akisema "imepokewa", maana hadithi nyingi zimepokewa kutoka kwao. Bibi Aisha peke yake hadithi zake zinapita elfu mbili. Na hakuwa anasimulia tu, alikuwa anasahihisha wanaume. Waliposema swala inakatwa na mbwa, punda na mwanamke akipita mbele, akawaambia mmetufananisha na punda na mbwa! Akawaeleza yeye alikuwa analala mbele ya Mtume kati yake na kibla na Mtume anaswali. Masahihisho yake yalikuwa mengi mpaka az-Zarkashi, karne ya nane Hijria, akayatungia kitabu kizima. Umm Salama, mke mwingine wa Mtume, aliuliza mbona wanaume wanatajwa na sisi hatutajwi, ikashuka aya ya 35 ya Suratul Ahzab, Waislamu wanaume na Waislamu wanawake, waumini wanaume na waumini wanawake, mpaka mwisho. Khaula bint Thaalaba alibishana na Mtume kuhusu mumewe na sura ikafunguka kwa kusema Mwenyezi Mungu amesikia maneno ya mwanamke anayejadiliana nawe. Alisikika moja kwa moja, bila kikaratasi. Karima wa Marw alikaa Makka akifundisha Sahihi Bukhari na wanaume walisafiri kuja kusoma kwake, mmoja wao al-Khatib al-Baghdadi, mwanazuoni mashuhuri wa Baghdad. Kuna sheikh wa asili ya India anaishi Uingereza, Mohammad Akram Nadwi, alianza kukusanya majina ya wanawake wa hadithi akidhani yatatosha kijitabu, ikafika 2021 akachapisha vitabu 43. Arubaini na tatu. Huyo pia si feministi, muulizeni.

Palestina iliweka wanawake kwenye kiti cha hakimu wa sharia 2009, Malaysia 2010. Huku kwetu mimi sijawahi kumuona Kadhi mwanamke na sisemi tuanze na hapo kesho asubuhi, maana najua watu wetu, watakimbilia kubishana kuhusu kiti na mjane ataendelea kurithiwa. Mimi shida yangu ni ndogo. Nataka spika itengenezwe, fundi pale stendi aliniambia ni elfu moja na mia tano na mimi niko tayari kutoa. Nataka ustadh asome sura kuanzia aya ya kwanza, ile inayosema tumeumbwa kutokana na nafsi moja, mpaka ya 176, asiruke. Na anayesoma akikosea, tuweze kuuliza.

Ndugu wa Nakuru, wewe umeandika kwamba mwanamke mwema anasikiliza. Tunasikiliza ndugu, tumesikiliza na spika mbovu miaka miwili, sasa hata mkoromo tumeuzoea.

Alhamisi hii narudi darsa. Kikaratasi kiko tayari, nimekiandika leo baada ya Alfajiri, ni lile lile swali la aya ya 128, mwanamke akiogopa nushuzi ya mumewe ama kutelekezwa. Safari hii nimetumia peni ya rangi nyeusi, ile nene ya kuandikia bei za samaki sokoni, na nimeandika kwa herufi kubwa karatasi nzima, halafu nimetoa miwani ya kusomea ya marehemu mama kwa sanduku, nimeifunga pamoja nacho kwa raba.

Ni mimi msomaji wenu,
Kaloleni, Kisumu